Sauti za Marehemu katika Sinema ya Kiajemi

Afapo mchezaji au mwongozaji wa sinema wa Iran, tanzia ziandikwazo juu yake katika magazeti ya Ulaya na Marekani hufuata njia moja, nasi wa Afrika ya Mashariki, kwa kuwa habari hizo hutufikia kupitia mikono yao, huifuata njia hiyo hiyo bila ya kuuliza. Kwanza hutajwa tuzo alizopewa. Kisha hutajwa taabu alizozipata kwa wenye mamlaka. Mwisho huwekwa picha moja au mbili kutoka katika filamu zake, pamoja na maneno ya kusifu jicho lake. Sina ugomvi na tuzo, wala sizidharau taabu, maana wengi katika watu hawa waliteseka kweli kweli. Lakini liko jambo linalosahauliwa karibu kila mara, nalo ni kwamba watu hawa walikuwa wakisema. Walisema Kiajemi, tena si Kiajemi cha namna moja, na kwa watu wao walipendwa kwa namna walivyosema kama walivyopendwa kwa namna walivyoonekana, na pengine zaidi.

Dai langu katika makala haya ni kwamba heshima waliyopewa marehemu hawa nje ya nchi yao imepimwa kwa jicho peke yake, na kwa ajili hiyo imegawanywa vibaya. Waliosema machache, au waliodhaniwa kuwa wamesema machache, wamepewa nyingi. Na yule aliyesema kwa ufundi kuwapita wote amepewa kidogo mno. Hili ni kosa la wahakiki, si la wachezaji, nami sijitoi katika hesabu ya wakosaji.

Yafaa kuanza na mwanamke ambaye sauti yake ndiyo iliyotangulia. Mwaka 1933 ilionyeshwa Tehran filamu ya kwanza ya Kiajemi yenye maneno, iitwayo Dokhtar-e Lor, yaani Msichana wa Kilori. Haikutengenezwa Iran bali Bombay, katika kampuni ya Ardeshir Irani, yule yule aliyewapa Wahindi filamu yao ya kwanza yenye maneno mwaka 1931. Mwandishi wa hadithi, ambaye pia alicheza nafasi ya kijana, alikuwa Abdolhossein Sepanta, mtu wa vitabu na mpenzi wa fasihi ya kale. Nafasi ya Golnar, huyo msichana wa Kilori, alipewa Rouhangiz Saminejad, binti aliyezaliwa Bam, upande wa Kerman, wala hakuwa amepata kucheza sinema kabla ya hapo.

Sasa Walori ni watu wa milima ya magharibi, na Kerman iko kusini-mashariki. Saminejad alipofungua kinywa, lafudhi iliyotoka ilikuwa ya Kerman tupu, na hapakuwa na dawa ya kuificha. Basi haikurekebishwa sauti, ikarekebishwa hadithi, ili lafudhi ile ipate sababu ya kuwako. Msomaji wa jarida hili hahitaji kuelezwa uzito wa jambo hili. Mtu wa Makunduchi akipewa nafasi ya mtu wa Lamu, watazamaji wa pwani wataanza kunong'onezana kabla hajaimaliza sentensi yake ya pili. Tangu siku ya kwanza, basi, sinema ya Kiajemi ilikubali kwamba sikio la mtazamaji ni hakimu, na kwamba hadithi nzima yaweza kulazimika kumfuata.

Filamu ilipendwa sana. Aliyeicheza hakupendwa vivyo. Saminejad alitukanwa na kusumbuliwa kwa kuonekana mbele ya watu akiimba na kucheza, na baada ya kuonekana mara nyingine katika Shirin o Farhad, kazi ya Sepanta huyo huyo, akaiacha sinema moja kwa moja. Aliishi miaka zaidi ya sitini baada ya hapo bila ya kujulikana na majirani kuwa ndiye Golnar, akafa mwaka 1997. Sepanta naye, aliporudi kwao kutoka India, hakupata mtu wa kumsaidia kutengeneza filamu hata moja zaidi. Alifia Isfahan mwaka 1969, na Ardeshir Irani alikufa mwaka huo huo. Katika orodha za wakubwa wa sinema ya Iran nilizozisoma kwa lugha za kigeni, jina la Saminejad huwekwa kama tarehe iwekwavyo: ni mwanamke wa kwanza, basi, yamekwisha.

Baada ya vita vya pili vya dunia sinema ya biashara ilikua Tehran, na kwa miaka mingi filamu zake hazikurekodiwa sauti palepale zilipopigwa picha. Wachezaji walitembeza midomo, na watu wengine wakaja baadaye chumbani kutia maneno. Mohammad Ali Fardin, aliyekuwa mpiga mieleka na kupata medali ya fedha katika mashindano ya dunia ya Tokyo mwaka 1954, alikuwa mpenzi wa umma kuliko wote, hasa baada ya Ganj-e Qarun ya Siamak Yasemi, mwaka 1965. Lakini huyo aliyependwa kwa jina la Fardin alikuwa watu watatu. Uso na mwili vilikuwa vyake. Maneno aghalabu yalikuwa ya Changiz Jalilvand. Na alipoimba, aliyesikika alikuwa mwimbaji Iraj. Baada ya mapinduzi ya 1979 Fardin alizuiwa kucheza, akaishi kama mfanyabiashara, na alipokufa mwaka 2000 watu walimiminika kwa wingi ajabu kumzika mtu ambaye karibu miaka ishirini hakuwa ameonekana katika filamu mpya. Jalilvand alikufa mwaka 2020, katika maradhi ya korona, naye alililiwa na watu ambao wengi wao, nadhani, wasingemtambua kama wangepishana naye njiani. Sauti yake ilikuwa imekwisha kutumika pia kwa Marlon Brando na wengine wengi wa Hollywood, hata kwa Mwajemi wa kizazi kile Brando alikuwa mtu asemaye Kiajemi kizuri cha Tehran.

Wahakiki wazito huzicheka filamu hizo, na mara nyingi wana haki. Hadithi zake ni nyepesi, maskini daima ni mwema na tajiri daima hutubu. Lakini sipendi kicheko kile kinachopita juu ya kazi ya watia sauti kana kwamba ilikuwa ulaghai. Ilikuwa sanaa, na watu wetu waliopata kukaa katika mabanda ya video, wakimsikiliza mfasiri akiwasemea Wachina na Wahindi kwa Kiswahili chake mwenyewe, wanajua kwamba sauti ya kuazima yaweza kupendwa kwa haki yake.

Mwaka aliokufa Sepanta ndio ulioleta filamu ya Dariush Mehrjui iitwayo Gaav, yaani Ng'ombe, kutokana na hadithi ya Gholam-Hossein Saedi. Hapa mhakiki wa kigeni atanipinga kwa nguvu, kwa kuwa filamu hii ilitolewa Iran kwa siri na kuonyeshwa Venice mwaka 1971 bila ya tafsiri yoyote chini ya picha, na juu ya hayo ikasifiwa na kupewa tuzo ya wahakiki. Ikiwa ilifahamika bila ya maneno, atasema, maneno yana kazi gani?

Jawabu limo ndani ya hadithi yenyewe. Masht Hassan ana ng'ombe mmoja, ndiye pekee katika kijiji kizima. Ng'ombe anakufa Hassan akiwa safarini. Wanakijiji, kwa huruma, wanamzika na kumwambia mwenyewe kwamba ametoroka. Hassan hasadiki. Polepole anajiingiza katika zizi, anakula majani, na mwisho yeye ndiye ng'ombe. Ezzatollah Entezami, aliyeicheza nafasi hiyo na kupata tuzo ya mchezaji bora Chicago mwaka huo wa 1971, hakuanza kwa kulia kama ng'ombe. Alianza kwa kupunguza maneno. Majibu yake yanakuwa mafupi, kisha yanaacha kuelekea kwa aulizaye, kisha jina lake mwenyewe linageuka kuwa jina la mtu mwingine, kwa maana anaanza kumwita Hassan aje amwokoe, kana kwamba Hassan yuko mbali juu ya paa. Sijui mfano ulio wazi kuliko huu wa mtu kupoteza kiwakilishi cha nafsi ya kwanza, nao waonekana katika sinema si katika hospitali. Kwa hiyo Venice hawakufahamu filamu isiyohitaji lugha. Walifahamu filamu ambayo jambo lake ni kutoweka kwa lugha, na asiyejua Kiajemi aliona mwisho wa safari bila ya kusikia hatua zake. Entezami alikufa mwaka 2018, ana miaka tisini na minne. Mehrjui aliuawa kwa kisu pamoja na mkewe Vahideh Mohammadifar nyumbani kwao, karibu na Karaj, Oktoba 2023, na tanzia zake kwa sababu ya kifo kile zilijaa damu kiasi cha kutobakiza nafasi ya filamu zake.

Juu ya Sohrab Shahid Saless sitasema mengi, kwa kuwa yeye ndiye kweli wa kimya. Katika Tabiat-e Bijan ya mwaka 1974, mzee alindaye mahali barabara ikatapo reli anapata barua ya kustaafishwa, na yeye na mkewe husemezana maneno yanayoweza kuhesabiwa. Shahid Saless alihamia Ujerumani, akatengeneza filamu za Kijerumani kwa kimya kile kile, akafa Chicago mwaka 1998. Mtu wa namna hii hapotezi mengi avukapo mpaka.

Lakini Abbas Kiarostami amewekwa katika kundi hilo pasipo haki. Yeye ndiye aliyeheshimiwa kuliko wote, hasa tangu Ta'm-e Gilas, yaani Ladha ya Cheri, ilipopata tuzo kuu ya Cannes mwaka 1997, na alipokufa Paris mwaka 2016 tanzia zilimwita mshairi wa picha: barabara ya kupinda juu ya kilima, mti mmoja, gari dogo lipitalo. Ni kweli kwamba alipenda kuikata sauti. Katika mwisho wa Close-Up, ya mwaka 1990, maneno ya watu wawili juu ya pikipiki yanakatika-katika kana kwamba chombo cha kunasia kimeharibika. Katika mwisho wa Zir-e Derakhtan-e Zeytun, ya mwaka 1994, kijana anamkimbilia msichana mbali shambani, wala hatusikii kama amejibiwa. Mhakiki asiyejua Kiajemi hufurahi kwa nyakati hizo, maana hapo yeye na Mwajemi wamekuwa sawa.

Hebu tuitazame tena Ta'm-e Gilas, safari hii kwa masikio. Mtu mmoja anazunguka na gari pembezoni mwa Tehran, akitafuta mtu wa kumfukia kaburini baada ya kujiua. Anawapakia watu watatu: askari kijana ambaye ni Mkurdi, mwanafunzi wa dini ambaye ni Mwafghani, na mzee afanyaye kazi katika makumbusho ya wanyama ambaye ni Mturuki wa Azerbaijan. Kila mmoja anakisema Kiajemi kwa lafudhi ya kwao. Mwenye gari peke yake ndiye asemaye Kiajemi cha Tehran cha watu waliosoma. Kwa sikio la Mwajemi, basi, filamu hii ni ya bwana wa mji mkuu anayekwenda kuomba mauti yake kwa watu wa pembezoni, mmoja baada ya mmoja, akiwapa fedha. Na asiyemwogopa wala kumtii, bali akamwambia habari za maisha yake mwenyewe na matunda ya mforsadi, ni mzee mwenye lafudhi ambayo mjini hufanyiwa mizaha kila siku. Hayo yote yamo katika sauti. Katika maandishi ya Kiingereza chini ya picha watu wanne wanasema lugha moja iliyopigwa pasi. Nimewahi kuwasomesha wanafunzi filamu hii kwa miaka miwili nikisema kwamba ni hadithi ya binadamu na upweke wake, kabla sijasahihishwa na mtu aliyekuwa akisikia.

Nimefika sasa kwa yule ambaye kwa ajili yake hasa nimeishika kalamu. Ali Hatami alizaliwa Tehran mwaka 1944, akafa huko huko kwa saratani mwaka 1996, katikati ya kazi ya filamu juu ya Takhti, mpiga mieleka mashuhuri, ambayo Behrouz Afkhami alikuja kuimaliza kwa namna yake. Alijiandikia mwenyewe maneno ya filamu zake. Ya kwanza, Hassan Kachal ya mwaka 1970, ilichukua hadithi wasimuliwayo watoto, ya Hassan mwenye upara, ikaisema kwa vina na nyimbo. Kwa tamthilia yake ndefu ya televisheni, Hezar Dastan, alijenga nje ya mji mitaa mizima ya Tehran ya zamani, na waongozaji wengi wakaja kuitumia mitaa hiyo. Lakini kujenga mitaa ni kazi ya maseremala. Kazi yake yeye ilikuwa kuwajengea watu wa mitaa hiyo vinywa.

Sentensi ya Hatami imejengwa kwa nathari yenye vina, ile ambayo Kiajemi kiliikamilisha katika Golestan ya Sa'di karne ya kumi na tatu, lakini ndani yake amemimina maneno ya sokoni: majina ya vyakula, ya vitambaa, ya kazi za mikono, vyeo vya jumba la wafalme wa Qajar, matusi ya kiungwana ambayo bibi za Tehran walikuwa wakiyatumia bila ya kupandisha sauti. Vipande vitatu au vinne vya sentensi hufuatana, kila kimoja kikimaliziwa kwa sauti ile ile, na kile cha mwisho hugeuka kikauma. Weka hayo katika mistari miwili mifupi chini ya picha, ambayo mtazamaji sharti aisome kabla haijatoweka. Hubaki habari tu: kwamba fulani amekasirika, kwamba chakula ki tayari. Sidhani kwamba mfasiri yeyote angeweza kuzuia hasara hiyo, na simlaumu. Ninamlaumu mhakiki asomaye habari hiyo iliyobaki kisha akaandika kwamba Hatami ni mtu wa mapambo na kumbukumbu za zamani.

Iko lawama nyingine juu yake, nayo ni ya haki, tena imetoka kwa Waajemi wenyewe: kwamba watu wake wote husema kama Hatami. Waziri, mpishi, mwizi na mchoraji wa mfalme, wote wana ulimi mmoja. Mimi nami husikia uchovu huo, hasa katika Kamal-ol-Molk ya mwaka 1984, ambapo kila mtu aingiapo chumbani hungoja zamu yake ya kusema jambo la kukumbukwa. Hili ni kosa ambalo Kiarostami asingelifanya, na hapo ndipo Kiarostami amemzidi. Bali ni kosa la mtu aliyekuwa nacho kingi.

Filamu yake ninayoipenda kuliko zote ni Haji Washington, ya mwaka 1982, juu ya balozi wa kwanza wa Iran aliyekwenda Marekani mwaka 1888. Entezami ndiye achezaye. Balozi anafika, anafungua nyumba ya ubalozi, na hakuna ajaye. Hana Mwajemi wa kumhudumia, hana wageni, fedha zinakwisha, watumishi wanaondoka. Mtu huyu aliyelelewa katika maneno ya jumba la kifalme anabaki akijisemea mwenyewe, na siku ya Idi ya kuchinja, akiwa na kondoo wake peke yake, anamwaga hotuba ndefu juu ya nchi yake, juu ya utumwa wa vyeo, juu ya maisha yake, na msikilizaji wake ni mnyama aliye tayari kuchinjwa. Filamu ilizuiwa kwa miaka mingi, ikapata nafasi katika majumba ya sinema mwaka 1998, wakati mwenyewe alikuwa amekwisha kuzikwa. Nje ya Iran ilimpata kama ilivyompata yule balozi: mlango uko wazi, na hakuna ajaye.

Yuko mchezaji mmoja awezaye kutuonyesha tofauti ya mabwana hawa wawili kuliko maelezo yangu. Mohammad Ali Keshavarz, aliyezaliwa Isfahan na kufa mwaka 2020, ndiye anayefungua Zir-e Derakhtan-e Zeytun ya Kiarostami akitazama kamera na kusema jina lake, na kwamba yeye ndiye mchezaji wa nafasi ya mwongozaji. Sentensi ni kavu, haina hata kiungo kimoja, na anaisema kama mtu atoaye anwani yake posta. Mtu huyo huyo, miaka michache kabla ya hapo, alicheza mwana mkubwa katika Madar, yaani Mama, ya Hatami. Hapo ni mtu wa soko, mwenye tumbo na hasira, asiyeweza kuomba maji bila ya kuyatungia misemo. Tanzia alizoandikiwa kwa Kiingereza zilimkumbuka kwa ile ya kwanza. Waajemi niliowasikia walimkumbuka kwa hii ya pili.

Madar niliiona mara ya kwanza nikiwa mwanafunzi Ulaya, katika chumba cha mwenzangu mmoja Mwajemi, kwa nakala isiyokuwa na tafsiri. Mimi nilikuwa na maneno yangu ya rangi na bandari, ambayo Waswahili na Waajemi tumegawana, na si mengi zaidi. Mama mzee, Roghieh Chehreh-Azad, anarudi nyumbani kutoka makao ya wazee, kwa kuwa anajua kwamba siku zake zimekwisha, na anawakusanya wanawe: yule wa soko, yule aliyesoma, binti zake, mwana wa baba yao kwa mke wa Kiarabu, ambaye amekuja na lugha ya mama yake, na Gholamreza, mwenye akili ya kitoto, aliyechezwa na Akbar Abdi. Mwenzangu alikuwa akicheka, kisha akiacha kucheka, na mara kwa mara akinifasiria. Mwishoni mama amekufa, na Gholamreza anasema sentensi moja fupi. Mwenzangu akanyamaza. Nikamwuliza amesema nini. Akajaribu kwa Kiingereza: akasema kwamba kijana anaeleza kwa nini mama amekufa, lakini sababu anayoitoa ni kule kufa kwenyewe, tena kwa wakati wa sasa pale ambapo ungetazamia uliopita, kama mtoto asemavyo juu ya kitu kilichochoka. Akaijaribu tena kwa njia nyingine, ikanyooka ikawa sentensi ya kawaida, akaitupa. Ya tatu hakuimaliza. Akairudisha filamu nyuma kidogo, akaniambia nisikilize tu.